Kidonda cha Daktari Povu

Nyumbani kwa Dobi,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mwanangu Kijiti,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, zikukute mzima, umekula na umelala. Vipi kifua chako? Na yule msimamizi wenu wa ghala, bado anafoka tangu mnapofungua mlango hadi mnapoufunga? Mimi nipo. Mgongo unalalamika kama kawaida yake, lakini mgongo wa msusi ulishazoea kutosikilizwa.

Najua umeona mwandiko wangu juu ya bahasha ukajiuliza kulikoni. Siku zote mama yako ndiye anayekuandikia, kazi yangu mimi ni kuongeza mistari miwili ya uchokozi pale chini. Ningeweza kukupigia simu, lakini tunajuana. Mimi nitalia, wewe utanyamaza, simu itakatika, na hakuna kitakachokuwa kimesemwa. Kwa hiyo nimeandika, na barua hii anakuletea mkononi rafiki yako dereva wa lori, anayeondoka kesho alfajiri. Keti kitako kwanza ndipo uendelee kusoma.

Mwanangu, mama yako yupo hospitali na hali yake si nzuri. Sitakuzungusha.

Habari uliyoipata ni kwamba aliteleza akaumia mguu. Kuteleza aliteleza kweli, pale pale uani penye maji ya sabuni, amekumbatia beseni la mashuka. Lakini si mguu tu, ni nyonga iliyovunjika. Alipasuliwa akawekewa chuma kwenye paja. Daktari wa mifupa, msichana mmoja mwembamba mwenye sauti ya upole, alisema chuma kimekaa sawasawa na kwamba mama atatembea na gongo, baadaye hata bila gongo. Tukashukuru Mungu. Mama yako akaanza kugombana na wauguzi kuhusu namna wanavyokunja mashuka ya wodi, nami nikasema huyu sasa amepona.

Kumbe wapi! Kidonda kikaanza kutoa maji, maji yakageuka usaha wenye rangi ambayo sitaki kukueleza, labda unakula. Homa ikapanda. Wakamchoma sindano za dawa, homa ikashuka kidogo tu kutudanganya, ikapanda tena. Wakabadilisha dawa, ikawa vile vile. Wakaongeza nyingine juu yake. Kijiti, ilikuwa kama kumpigia kelele kiziwi.

Zamani mimi na mama yako tukikwaruzana, akikataa kunisikiliza, nilikuwa namtupia ile methali ya sikio la kufa. Siku hizi hata kuifikiria naogopa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonishikisha kalamu. Ni zito, maana linakugusa wewe, na moyo wako naujua.

Unalikumbuka lile kopo kubwa la vidonge vya rangi mbili ulilomtumia mama yako ulipoanza kazi kwenye ghala la dawa? Uliandika kwamba mzigo ukikaribia kuisha muda mnaruhusiwa kuchukua, na kwamba vinatibu kikohozi, vidonda na homa. Mama yako alilia kwa furaha. Alilitembeza mtaa mzima, kila mlango ukapigwa hodi. Likaisha, ukatuma jingine, na jingine tena. Likapata nafasi yake rafuni kati ya sabuni na buluu ya kufulia, na yeye akapata cheo. Watu wakaanza kumwita Daktari Povu, naye akaitikia bila haya.

Ungemwona! Mteja akileta nguo huku anakohoa, mama yako hasemi kitu. Siku mteja anapokuja kuchukua shati lake, limepigwa pasi limenyooka, ndani ya mfuko wa kifuani anakuta kikaratasi kimekunjwa, na ndani yake vidonge viwili. Viwili tu, ili kopo lifike mbali. "Nguo safi na kifua safi," ndivyo alivyokuwa akiwaambia. Mtoto akijikata, anavunja kidonge na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda. Yeye mwenyewe mikono ikichubuka kwa sabuni, unga. Jino likimuuma, anameza kimoja asubuhi, na likinyamaza basi, kilichobaki kinarudi koponi kumsubiri mwenye shida. Machoni pake, kumaliza dozi peke yako ulikuwa uroho. Mwenzio naye atakunywa nini?

Na mtaa ulimpenda kwa hilo, tusiseme uongo. Hata mimi niliona fahari kuwa na wifi wa namna hiyo, ingawa usimwambie.

Basi siku daktari alipomuuliza kama amekuwa akitumia antibayotiki nyumbani, mama yako alijiinua kwenye mto kama aliyetukanwa. "Mimi? Mimi sijui dawa, binti yangu. Sijakanyaga hospitali tangu nilipomzaa mwanangu." Wodi nzima ikacheka. Daktari akaandika, akaenda. Na hakuwa anadanganya, Kijiti. Kwake yeye dawa ni ile inayotoka dirishani kwa mfamasia, baada ya kupanga foleni na kuchomwa sindano. Vile vya kwenye kopo havikuwa dawa. Vilikuwa zawadi ya mwanawe. Ndiyo maana wakamwanzishia dawa zile zile ambazo mwili wake umezionja vipande vipande miaka yote hii, na siku zikapotea bure.

Aliyegundua ni sista mkuu wa wodi, mama mnene asiyecheka. Alikuja kubadilisha bandeji, akainua mto auweke vizuri, akakuta maganda ya vidonge, mekundu na meusi, matupu. Mama yako alikuwa ametoka navyo nyumbani, amevifunga kwenye ncha ya kanga. Kila kidonda kilipomwasha alikuwa akiingiza vidole chini ya bandeji na kunyunyiza unga. Sista alimuuliza anafanya nini. "Nakisaidia," alijibu, tena kwa ukali, kana kwamba sista ndiye aliyechelewa.

Nilidhani sista atafoka. Hakufoka. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akashusha pumzi, akamwita daktari. Hapo ndipo nikaulizwa mimi, nikaeleza habari za kopo tangu mwanzo, na kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wa yule binti ulivyozidi kukosa damu.

Walichukua usaha kwa pamba wakaupeleka maabara. Huko wanaviotesha vidudu kwenye visahani, halafu wanavijaribu kwa dawa moja moja waone ipi inaviua. Majibu yalipotoka daktari aliniita pembeni, kwenye korido, karibu na yale matenki ya maji. Akaninyooshea mkono wake, akanitajia dawa, na kila aliyoitaja akakunja kidole. Hii haifanyi kazi. Hii haifanyi kazi. Hii nayo. Mkono wa kwanza ukawa ngumi. Akaanza mkono wa pili, akakunja, akakunja, kikabaki kidole kidogo cha mwisho. Hicho ndicho tulicho nacho, akasema, na chenyewe kinaumiza figo.

Nilimuuliza kosa ni la nani. Sikutaka kuuliza, lilinitoka tu. Akaniambia hawezi kujua na hatajua. Huenda vidudu hivyo mama alikuwa navyo tangu nyumbani, vikazoea dawa kwa zile nusu nusu, maana dozi isiyokamilika inaua vinyonge na kuacha vyenye roho ngumu, navyo ndivyo vinavyozaana. Huenda pia amevipata humu humu wodini, kitandani, mikononi mwa mtu, kwenye kikapu cha bandeji. Alisema wodi yenyewe inavyo, na kwamba wanavipiga vita kila siku na hawashindi kila siku. Nilimshukuru kwa kunieleza ukweli. Mwingine angetutupia sisi lawama zote akaenda kunywa chai.

Kwa hiyo, mwanangu, nisikilize vizuri. Sikuambii haya ili ujinyonge kwa mawazo. Ulituma kwa upendo, naye akagawa kwa upendo, na hakuna aliyetuambia. Yaliyopita si ndwele. Nakuambia kwa sababu lile kopo jipya limefika.

Ndiyo, limefika. Dereva wako alilileta juzi, limezungushiwa fulana tatu, na barua yako inasema hivi vina nguvu kuliko vya kwanza, mama apewe haraka. Nililibeba hadi hospitali. Nilijiambia labda hiki ndicho kidole ambacho daktari alikisahau. Akasoma maandishi ya kwenye kopo, akatikisa kichwa. Ni ukoo ule ule wa dawa ambazo vidudu vya mama yako vimeshazidharau. Nimelikabidhi kwa mfamasia wao wakaliteketeze. Iliniuma, maana nilijua umejinyima nafasi yako ya mapumziko kulitafuta. Nilizibakiza zile fulana. Moja nimemvalisha.

Nikueleze sasa yuko wapi. Wamemhamishia chumba cha peke yake mwisho wa korido. Dirisha moja, kitanda kimoja, ndoo ya kukanyagia mguu ndipo ifunguke. Mlangoni wamebandika tangazo. Kabla ya kuingia navaa aproni ya plastiki na glavu, nikitoka navua natupa, nanawa, napaka ile dawa ya mikono yenye harufu ya spiriti. Ngozi ya vidole vyangu imeanza kubanduka. Mama yako anazichukia zile glavu. "Mnanishika kama samaki aliyechina akanuka," aliniambia siku ya kwanza, akageukia ukutani. Wifi yangu ambaye maisha yake yote ameshika uchafu wa watu kwa mikono mitupu, leo yeye ndiye wa kushikwa kwa mpira. Nililia nikiwa nimeegemea mlango, na kujifuta machozi siwezi, mikono imo ndani ya glavu.

Huku mtaani nako mambo ni hayo hayo. Habari imesambaa kwamba msusi anauguza mwenye vidudu visivyokufa. Mteja wangu mmoja aliposikia aliinuka kwenye kiti kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama wima, akakumbuka ghafla ameacha sufuria jikoni. Ameishi na kichwa kile siku kadhaa, stahili yake. Nilicheka peke yangu, kisha nikafunga kibanda. Sitaki kumpelekea mtu balaa kichwani kwake, na sitaki kumrudishia mama yako jingine.

Kuna jambo jingine nalibeba peke yangu. Kwenye wodi ya kwanza, kitanda cha jirani, alikuwepo mama mmoja muoka mikate, mguu wake ulikuwa na kidonda cha kisukari. Walipatana na mama yako tangu siku ya kwanza, wakawa wanasengenya wauguzi pamoja kama mabinti wa shule. Yule mama amefariki. Vidudu ni vile vile. Nani alimwambukiza nani, au wote waliambukizwa na mwingine, hakuna ajuaye. Mama yako hajui. Anaamini rafiki yake ameruhusiwa akarudi kwenye tanuri lake, na kila nikiingia anauliza kama ametuma mkate. Namwambia bado.

Hali ya sasa ni hii. Ile dawa ya kidole cha mwisho anapewa kwa dripu. Usaha umepungua kidogo, lakini figo zimeanza kuchoka, miguu imevimba na mkojo ni haba. Daktari yuko njia panda. Akiendelea na dawa, figo zinaweza kufa. Akiacha, vidudu vinaingia kwenye damu. Wakimfungua tena, watoe chuma na kukwangua mfupa, na ikibidi waondoe mguu wenyewe, haamini kama moyo wake utavumilia meza ya upasuaji. Mama yako amekataa habari ya mguu. Anasema dobi wa mguu mmoja atasimamaje kwenye pasi. Daktari ameipa dawa nafasi ya mwisho wiki hii, baada ya hapo uamuzi utafanywa, atake asitake.

Asubuhi huwa na akili zake timamu. Jua likipanda homa nayo inapanda, anaanza kuhesabu mashati, anapekua shuka akitafuta mifuko. Jana aliniita kwa jina lako. Aliniambia nimekonda sana, nile. Mimi, na mwili huu! Sikumsahihisha. Nilimwambia nitakula, mama.

Ijumaa daktari alinisimamisha tena pale korido, akaniuliza kama mgonjwa ana mtu wa mbali. Nikamjibu anaye mmoja tu. Akasema aitwe.

Kwa hiyo nakuita, Kijiti. Dereva akikupa barua hii atakuwa anapakia mzigo wa kurudi huku. Nimeshaongea naye, kiti cha mbele ni chako. Mwambie huyo msimamizi wako kwamba shangazi yako amesema ni ruhusa au aje mwenyewe tuonane, na atakaponiona atajuta. Usingoje mshahara, usingoje likizo, usingoje kununua chochote. Usibebe hata kidonge kimoja. Na kama hapo chumbani kwako vipo vilivyobaki, hata viwili, usimpe jirani wala rafiki, warudishie wenye ghala wakaviteketeze. Njoo mikono mitupu. Hapa mlangoni utavishwa glavu, na kupitia hizo glavu utamshika.

Ninaogopa, mwanangu. Acha niseme wazi, maana hapa nyumbani sina wa kumwambia. Tangu kaka yangu, baba yako, atutoke, huyu mwanamke ndiye niliyebaki naye wa kugombana naye. Miaka yote tumegombania kamba ya kuanikia, moto wa jikoni, nani alikulea vizuri zaidi. Sasa uani kumekauka, mabeseni yamefunikwa, na nikiamka nasikia tu honi za magari kule kituo cha mafuta. Sikujua kimya kinaweza kuuma hivi. Mashati ya watu bado yananing'inia ndani, sijui hata lipi ni la nani, na kila mfuko nimeupekua nikatoa vile vikaratasi.

Fundi viatu wa mlango wa pili anakusalimu sana, yeye ndiye anayepeleka uji wa asubuhi ili mimi nipate kulala kidogo. Jirani yetu kinyozi anakusalimu, naye amefunga redio dukani tangu mama aingie chumba kile. Bibi mwenye nyumba anakusalimu na kukuombea, tena safari hii hakuna kodi katikati ya dua zake. Mola akufungulie barabara, akuepushe na kila ajali, akufikishe mama akiwa bado anatufahamu.

Mama yako naye anakusalimu. Leo asubuhi, kabla ya homa, alinishika mkono na kuniamuru nikuandikie barua. Amesema nikuambie kwamba kidonda kimefunga, chuma hakisumbui, na kwamba usihangaike kuja maana karibu atarudi kwenye pasi yake. Akanikazia macho hadi nikamjibu. Nimemwambia nimeshakuandikia hivyo hivyo, neno kwa neno.

Ni mimi nikupendaye kama niliyekuzaa,

Shangazi yako,
Msusi.